Baba Anaita, Leseni Haijatoka

Baba yangu alipoteza macho kwanza, masikio yakafuata. Presha ya macho ilimchukua kidogo kidogo, na alipokuwa ameshazoea kutembea kwa kupapasa ukuta, sauti za watu nazo zikaanza kumfikia kama mchemko wa maji: anajua kuna kitu kinasemwa, hajui ni nini. Tulimnunulia kifaa cha masikio. Alikivaa siku chache, akakivua, akasema kinamwongezea kelele, hakimwongezei maneno.

Kilichobaki ni vidole. Ujanani Baba alikuwa karani wa simu kwenye stesheni ya reli huko kwetu Taita, enzi za kugonga nukta na vistari vya Morse, na alipostaafu akaendelea na kazi ileile kama starehe. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile inayomruhusu mtu wa kawaida kuwa na mtambo wake na kuzungumza na wenzake hewani bila kufanya biashara. Kati ya watoto wake ni mimi tu, kitinda mimba, niliyemfuata. Alinifundisha kwa kunigongea kiganjani tukiwa tunasubiri ugali uive. Baadaye nikafanya mtihani, nikapata leseni ya Kenya na herufi zangu za wito, yaani jina la kituo changu hewani.

Alipozeeka, maisha yetu yakawa hivi. Kila siku saa kumi na moja jioni alikaa mbele ya mtambo wake, akaweka vidole juu ya spika kubwa ya mbao, na mimi nikagonga kutoka nyumbani kwangu, upande wa pili wa mji. Alisoma mtetemo. Kisha naye akanigongea. Kaka yangu, ambaye ni mwalimu na anaishi naye uwanja mmoja, humwandikia herufi kubwa kiganjani kwa kidole anapotaka kumwambia jambo: KULA, DAWA, MGENI. Lakini mazungumzo yenyewe, ya kutaniana, kulalamika na kuulizana, yalikuwa ya kwangu na Baba.

Mume wangu ni Mgogo wa Mpwapwa. Tulikutana alipokuwa akifanya kazi ya mifugo Kenya, na tulipooana wote tulijua kwamba siku moja atarudi kwao. Siku hiyo ikaja alipopata nafasi serikalini, Dodoma. Baba alipoambiwa aligonga, "Dodoma si mbali kwa mawimbi. Tutasikiana vizuri kuliko hapa." Na alikuwa sahihi. Mawimbi hayakuwa na tatizo.

Mpakani ofisa alifungua sanduku langu kwa upole, akatoa redio mbili akaziweka mezani. Moja ilikuwa ya kusikilizia tu, nyingine ya kurushia.

"Dada, hii ya kusikilizia haina shida, pita nayo," alisema. "Hii ya kurushia ina taratibu zake. Una leseni?"

Nikampa leseni yangu. Akaisoma yote, mbele na nyuma.

"Hii ni ya Kenya."

"Ndiyo."

"Huku haitumiki mpaka ibadilishwe. Ukishapata ya Tanzania, njoo nayo. Mtambo wako utaukuta hapahapa."

Alinipa stakabadhi, akanitakia safari njema. Sikuwa na la kulalamikia. Nilipanda gari nikijiambia ni suala la wiki kadhaa.

Dodoma tulipanga nyumba mtaa wa Area D. Mwenye nyumba aliniruhusu kufunga waya kutoka pembe ya paa hadi kwenye nguzo ya uzio, baada ya kuniuliza mara tatu kama hautavuta radi. Siku ya kwanza waya uliposimama, upepo wa Dodoma ukiupiga huku na huku na vumbi likiingia kila mahali, niliwasha redio ya kusikilizia muda wetu ulipofika. Baba alikuwepo. Aligonga herufi zangu za wito, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alisikika vizuri kama yuko chumba cha pili. Kisha akagonga ile herufi moja ambayo kwa watu wa redio maana yake ni "haya, zamu yako," akanyamaza kunisubiri.

Nilikuwa nimekaa kwenye boksi la vyombo ambavyo bado sijavifungua. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unagonga paja.

Nilimpigia kaka simu. "Mwambie ninamsikia. Mwandikie: ANAKUSIKIA, HAWEZI KUJIBU, LESENI."

"Hayo yote kiganjani?" kaka aliuliza.

"Tafadhali."

Nadhani alimwandikia ANAKUSIKIA tu, maana kesho yake Baba hakuita tena kwa wasiwasi. Alianza moja kwa moja kunipa habari za nyumbani.

Tulijaribu simu pia, nisije nikaulizwa. Simu ya mkononi huchukulia mlio wa Morse kuwa kelele, ikaukatakata. Nikarekodi ujumbe, kaka akauwasha na kuweka simu kwenye kiganja cha Baba. Baba akacheka, akasema inamtekenya tu, herufi hazipati.

Ofisi ya leseni ilikuwa safi, ina feni, na mtu aliyenipokea alikuwa kijana nadhifu ambaye hakuwahi hata siku moja kunijibu vibaya. Mwanzoni nilimwambia, "Nipe fomu ya kubadilisha leseni," akatabasamu, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Mkenya huyo." Nilijifunza kusema "naomba." Nimeshasema "naomba" mara nyingi sana tangu wakati huo.

"Redio ya ridhaa," alirudia kijana. "Kusema kweli, dada, tangu nianze kazi hapa sijawahi kupata mtu wa kubadilisha ya nchi nyingine. Wacha niulize."

Akauliza. Akarudi na orodha. Nakala ya leseni ya Kenya iliyothibitishwa. Barua ya Kenya kusema kwamba wanaitambua na haina dosari. Kibali changu cha kuishi nchini. Maelezo ya mtambo. Nilivipata vyote isipokuwa kibali, ambacho kilikuwa bado kinashughulikiwa kwa sababu cheti chetu cha ndoa kilitolewa Kenya na chenyewe kilihitaji kuthibitishwa. Kibali kilipotoka, barua ya Kenya ilikuwa imeshapitwa na muda wake. Nilipoleta barua mpya, leseni yangu ya Kenya ilikuwa inakaribia kuisha, na leseni iliyoisha haiwezi kubadilishwa. Kuihuisha kulitaka niwe na anwani Kenya. Nilitumia ya kaka.

"Pole, dada," kijana alisema kila mara, na alimaanisha. "Faili lako lipo, linatembea."

Nilitamani awe mtu mbaya. Mtu mbaya unaweza kumpigia kelele, ukatoka pale umepata nafuu. Huyu alinivutia kiti.

Jioni nilirudi kwenye redio. Baba alinieleza kwamba mbuzi mweupe amezaa mapacha, kwamba chai ya mke wa kaka ina sukari ya kitoto, kwamba ameota yuko stesheni na treni haiji. Kila baada ya habari mbili tatu aliniuliza swali. Umeshapata marafiki? Maji ya huko yana chumvi? Mume wako anakula vizuri? Na kila baada ya swali aligonga zamu yako, akaniachia nafasi ya kujibu. Kaka alikuwa ameshamwandikia habari ya leseni, hivyo alijua kwamba siwezi. Aliniachia tu, kwa adabu ya mtu aliyekaa hewani miaka mingi, na nafasi yenyewe ilikuwa na urefu wa jibu hasa. Nilijibu kwa sauti, peke yangu, nikiitazama redio: "Ndiyo, yana chumvi kidogo." Kisha alianza tena kugonga.

Mama mkwe alikuja kutoka Mpwapwa na mfuko wa karanga na mlenda uliokaushwa. Alinikuta hapo.

"Huyo analia nini?" aliuliza. Kiswahili chake ni cha kujifunza ukubwani, kifupi, hakina mapambo.

"Ni baba yangu, mama. Anazungumza."

Akasogeza kigoda. "Anasema nini?"

"Anauliza kama mvua imenyesha huku."

"Mjibu."

"Siwezi, mama. Sina kibali."

Akanigeukia. "Kibali cha kumjibu baba yako?"

Nilijaribu kumweleza habari za masafa, za mipaka, za kwamba mawimbi si mali ya mtu mmoja. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliinama kwenye redio, akaiamkia kwa heshima, "Mbukwenyi," kama mtu anavyomwamkia mkwewe, akaenda jikoni kuchambua karanga. Sikujua nicheke au nifanye nini.

Kijana wa leseni, kwa kutaka kunisaidia, alikumbuka kwamba zamani kulikuwa na mzee mmoja mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma karibu na mjini, mwenye leseni ya aina yangu. Kama bado ana mtambo, ningeweza kukaa naye yeye akiwa ndiye mwenye kituo, nikazungumza kihalali. Nilichukua bajaji mchana huohuo, sikusubiri hata kunywa maji. Kwa mbali niliuona mlingoti wa chuma umesimama nyuma ya nyumba, nikamlipa dereva kabla bajaji haijasimama.

Alinifungulia bibi wa makamo, amejifunga khanga begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, mpaka nilipomtaja mumewe.

"Mzee alifariki," alisema. "Mtambo tuliuuza, na aliyeununua hata sijui alikwenda nao wapi. Nguzo hiyo ndiyo imebaki. Tunafungia kamba ya nguo."

Nikampa pole. Alinipa soda, akataka kujua baba yangu ana umri gani na kama anakula. Nilipoondoka aliniambia, "Mzee wangu naye alikuwa hivyohivyo. Ukimwita kula hasikii, kumbe yuko Brazili." Nilitembea mpaka barabarani badala ya kuita bajaji.

Siku moja ya kiangazi Baba aligonga polepole kuliko kawaida. Mwanzoni nilidhani umeme wao ni dhaifu.

"Leo asubuhi nimeanguka bafuni," aligonga. "Mguu wa kulia. Kaka yako hajui, nimemwambia nimechoka tu. Nikisema watanipeleka Nairobi kwa dada yako, na Nairobi mimi nitakaa kama kabati. Unaonaje? Nimwambie, au ningoje kesho?"

Zamu yako.

Kama ningekuwa na mtambo ningemuuliza kwanza kama anaweza kuukunja. Ningemuuliza kama umevimba, kama aliugonga ukutani au sakafuni. Ningemgombeza kidogo, kisha ningemwambia mwite kaka sasa hivi, mwambie mwenyewe, mimi nitazungumza na dada kuhusu Nairobi. Ningekuwa na muda wa kumbembeleza. Nilisimama. Nilikaa. Nilimwita mume wangu, halafu nikakumbuka kwamba yuko kazini. Ile nafasi ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuniachia.

Kisha vidole vyake vikarudi. "Asante, mwanangu. Nimeelewa."

Mpaka leo sijui alielewa nini.

Nilimpigia kaka, simu imezimwa. Walimu walikuwa kwenye kikao cha shule. Nikampigia tena na tena. Nikatafuta namba ya mke wake, nikampata sokoni. Alirudi nyumbani mbio, akamkuta Baba bado amekaa mbele ya mtambo, mguu umevimba mpaka suruali imebana. Alipomgusa, Baba hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ile kubwa ya watu wasiojisikia wenyewe, "Nani kakuambia?"

Nyonga ilikuwa imepata ufa. Alilazwa. Katika siku zile redio yangu ilikuwa na watu wengine tu, wageni wanaoitana kwa lugha za kwao, na nilikuwa naiwasha hivyohivyo. Ofisini kijana aliniambia faili limefika mezani kwa mkubwa, mkubwa amesafiri. Nilitaka kumweleza habari ya mguu, nikaona namwonea. Mguu haukuwa kazi yake.

Usiku mume wangu aliniambia, "Ningeweza kukutafutia mtambo kwa njia za panya." Wote wawili tulifikiria kazi yake na kibali changu cha kuishi. Hakurudia tena, na mimi sikumwomba.

Baba aliporudi kutoka hospitali alisogezwa na kiti mpaka mezani, na muda wetu ulipofika alinigongea. Hakuniuliza hali. Hakutaja mbuzi.

"Nilikuuliza," aligonga. "Sikukutuma."

Kisha, zamu yako. Alisubiri. Nikaweka uso kwenye viganja vyangu. Nilitaka anigombeze nimjibu, tugombane kama watu, kisha yaishe. Hewani kulikuwa na mchakacho wa mawimbi tu, kama mtu anayepepeta mchele. Baada ya muda akagonga alama ya kufunga mazungumzo. Hakuongeza neno la kwaheri ambalo huwa analiongeza.

Wiki iliyofuata dada yetu mkubwa alikuja na gari kumchukua. Nilimwomba kwa simu amchukue na mtambo.

"Niuweke wapi?" dada aliniuliza. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Mimi niko ghorofa ya nne. Hata waya wa kuanikia soksi barazani wenye jengo hawataki tufunge. Nimeuliza, wamekataa. Na ni nani atakayeusimamia? Mimi sijui hata unawashwa wapi."

Hakuwa na kosa. Kaka naye hakuwa na kosa. Mtambo wa Baba ulifunikwa na kitambaa pale pale mezani Taita.

Leseni yangu ilitoka msimu wa zabibu. Kijana alinipigia mwenyewe, anacheka. "Dada, imetoka! Njoo uichukue." Nilipofika alikuwa ameiweka kwenye bahasha mpya na amewaita wenzake wawili waje kuona. Nilikuwa wa kwanza kwake. Herufi zangu zilikuwa mpya, mwanzo wake wa Tanzania, na ninakiri zilikuwa nzuri, zinagongeka vizuri.

"Sasa wa kwanza kumwita ni nani?" aliniuliza.

"Baba," nilisema, kwa sababu lilikuwa jibu fupi.

"Safi sana!"

Nikamshukuru kwa mikono miwili. Alistahili.

Mume wangu alinipeleka mpakani. Mtambo ulikuwa palepale waliposema utakuwa, umefungwa vilevile, hata vumbi hauna. Nilipoufunga nyumbani, nilikaa nikaugusa vifungo, kisha nikaita hewani bila kumlenga mtu. Mtu mmoja wa Zambia akanijibu haraka sana. Alikuwa na furaha kunipata, alisema Dodoma hajawahi kuisikia. Akaniuliza hali ya hewa. Nikamwambia jua kali, upepo mwingi. Akanitakia mema. Nikazima.

Nilikwenda Nairobi kwa basi, kupitia Arusha. Baba alikuwa amekaa sebuleni karibu na dirisha, amepungua, miguu imefunikwa blanketi. Dada alimwandikia kiganjani MGENI. Baba akanyoosha mkono ili aamkiwe, na mimi nikaushika, nikaugeuza, nikaanza kugonga kwenye kifundo cha mkono. Hakunipa nafasi ya kujitambulisha. Alikamata kidole changu, akakishikilia kwa nguvu zaidi ya nilivyotarajia.

Nikamgongea kila kitu nilichokuwa nimekitunza. Kwamba maji yana chumvi kidogo. Kwamba mvua ilichelewa. Kwamba nimepata rafiki mmoja, jirani muuza vitenge. Kwamba ndiyo, mume wangu anakula vizuri mno. Kwamba mama mkwe alimwamkia kwenye redio.

"Hayo yalishapita," alinigongea. "Mbuzi wale mapacha wameshauzwa."

Kisha nikafika kwenye mguu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. "Kama ningeweza kujibu, ningekuuliza kwanza."

"Ungeniambia nimwambie kaka yako?"

"Ndiyo."

"Basi ni yaleyale," aligonga. Vidole vyake vikapumzika kwenye mkono wangu, vikaendelea. "Lakini ningemwambia mimi."

Dada alipita na sufuria, akatutazama tulivyoinamiana, akaniuliza, "Anasema nini?" Nikamwambia ananisimulia habari za mbuzi. Nilimwomba ajifunze herufi chache tu, nimfundishe kabla sijaondoka, hata kumi. Akasema, "Mdogo wangu, nikirudi kutoka kazini nimechoka, hata mkono wangu mwenyewe siuoni." Lakini alisimama pale kidogo, akitazama vidole.

Nikamweleza Baba kuhusu leseni, kuhusu kijana wa ofisini, kuhusu yule bibi wa mtaa wa Kikuyu na mlingoti wake wa nguo. Nilikuwa katikati ya kumwambia maneno ya bibi yule kuhusu Brazili nilipoona kichwa chake kimeegemea upande na mdomo umelegea. Siku hizi hulala ghafla hivyo, dada alisema, mara nyingi mchana. Nilimalizia sentensi yangu taratibu kwenye kifundo chake. Kisha dada akaita chakula.